Tukutane Masaka

Kiyovu, Kigali
20 Septemba 1994

Dada Gahongayire,

Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea Twahiru, dereva wa lori anayekuja huko kwenu kuchukua mahindi. Ni mtu wa hapa Kigali, mpole. Mpe chai.

Tangu nilipotoka Dodoma mwezi wa nane nimepata kazi kwenye shirika la Wazungu. Wanawatafutia ndugu watoto waliopotezana na wazazi wao, na mimi natafsiri. Ninaishi na mwenzangu wa kazini, Peace, msichana aliyekulia Mbarara. Nyumba ni nzuri, ila wenyewe hawapo. Tunalala sebuleni wote wawili. Vyumba tumevifunga.

Ofisini wametuambia mwezi wa kumi na moja kila mtu aende likizo, apende asipende. Mkuu wetu alisema niende mahali nikaangalie kitu kizuri. Nimefikiri. Nataka mimi, wewe na Mama tupande meli kutoka Bukoba mpaka Mwanza. Tukayaone yale mawe yaliyosimama majini, tuvuke kwenda kisiwa cha Saanane kuona wanyama, tulale kwa masista, turudi. Mimi nitakuja kwa mabasi kupitia Uganda. Njia ya Rusumo na Ngara siitaki, kambi ni nyingi mno.

Sharti langu ni moja: tusikodi gari. Mahali ambapo basi au meli haifiki, tusiende.

Najua Mama anauliza habari za Kabuga. Bado sijapata nafasi. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako,
Umuhoza

*

Bukoba
4 Oktoba 1994

Mdogo wangu Umuhoza,

Twahiru amefika, amekunywa chai, na chapati zote alizozikuta mezani amezimaliza. Nimemsamehe kwa sababu ya barua yako. Mwezi mzima nilikuwa nakuombea kwa Mungu kama mtu aliyekufa, kumbe wewe unapanga safari za kutembea.

Likizo ni jambo jema na Mama amefurahi. Lakini Mwanza hapana. Mama hapendi meli, anasumbuliwa na tumbo. Isitoshe, mawe ni mawe tu, hata hapa yapo. Mimi nina mpango bora. Bwana Sibomana, jirani yetu mwenye duka la dawa, ana Landrover anayoikodisha pamoja na dereva. Atatupeleka Karagwe, tukaone chemchemi za maji ya moto kule Mtagata, Mama akaoge miguu yake, halafu tuzunguke mpaka kwenye pori tuone swala. Tutasimama tunapotaka. Wewe utakaa mbele.

Sasa lililo kubwa. Mama anasema upo Kigali tangu mwezi wa nane na Kabuga ni hapo hapo nje ya mji. Hajamwona mdogo wake tangu walipoachana mwaka sitini na moja, yeye akakimbia, Mama mdogo Pudentienne akabaki kwa sababu alikuwa ameshaposwa. Barua ya mwisho kutoka kwake ilikuja Krismasi. Mama amenikalisha nikuandikie njia: ukishuka Kabuga sokoni, fuata barabara ya kanisani, ulipite kanisa, kisha ushike kijia cha mkono wa kulia mpaka kwenye nyumba yenye ua wa minyaa na mlango wa bluu. Muulize mtu yeyote kwa Ntakirutimana fundi baiskeli, ndiye mumewe. Mama mdogo ana kovu juu ya jicho la kushoto, alianguka na mtungi akiwa mdogo.

Umuhoza, nenda. Jumapili moja tu.

Dada yako,
Gahongayire

*

Kiyovu, Kigali
16 Oktoba 1994

Dada,

Nimepata barua yako. Gari la Bwana Sibomana sitapanda. Usinikasirikie. Kama meli haiwezekani, basi meli tuiache, lakini gari la kukodi sitapanda.

Nimezungumza na Peace. Amechora ramani nyuma ya bahasha. Anasema tukutane Uganda. Nyinyi mtatoka Bukoba kwa basi asubuhi, mtapita Kyaka, mtavuka mpakani Mutukula, jioni mtakuwa Masaka. Mimi nitatoka Kigali, nivuke Gatuna, nibadilishe gari Kabale, nipite Mbarara, nije Masaka. Masaka tutalala. Kesho yake tutapanda basi la Kampala. Njiani kuna mahali mstari wa Ikweta unapokatiza barabara. Wamejenga duara mbili za saruji, unasimama katikati unapigwa picha. Basi likikushusha hapo, jingine litakuchukua. Kampala kuna jumba la makumbusho lenye ngoma, na kuna kanisa kubwa juu ya kilima ambako unauona mji wote. Kuna pia makaburi ya wafalme, Peace anasema kila mgeni hupelekwa. Hayo nimeyakata kwenye ramani.

Mvua imeanza. Habari nyingine sina.

Kabuga bado. Barabara ile siku hizi si nzuri.

Umuhoza

*

Bukoba
30 Oktoba 1994

Umuhoza,

Twahiru alikuja jana. Mama alikuwa kanisani. Nikamuuliza kwa kupitisha muda tu, barabara ya Kabuga imeharibikaje. Akanishangaa. Akasema, "Barabara iko nzuri, dada. Mimi napita pale kila safari. Na mdogo yako nilimupeleka mimi mwenyewe, mwezi wa nane, nikamusubiri sokoni mpaka arudi."

Nikamuuliza ulirudi vipi. Akasema ulirudi ukitembea, ukapanda, ukakaza macho barabarani mpaka Kigali.

Mwezi wa nane! Barua zako zote mbili umeziandika ukiwa umeshafika kule. Umekaa hapo unatuchorea ramani za Ikweta na duara za saruji, na Mama kila Twahiru akipiga honi anatoka nje na kanga begani. Mimi ni mkubwa kwako, sijawahi kukuita mwongo. Leo nimelisema neno hilo jikoni, peke yangu, kwa sauti.

Na kwa kuwa tunaambiana, nami nikuambie kwa nini nilikataa meli. Tumbo la Mama halina neno. Mwezi wa tano, mto Kagera ulipoanza kuleta maiti ziwani, Mama alianza kwenda ufukweni. Kila asubuhi, kabla ya misa. Anasimama pale na rozari, wavuvi wakirudi anawauliza kama wamemwona mwanamke mwenye kovu juu ya jicho. Wale vijana walimheshimu, wakawa wanamjibu vizuri: hapana, Mama, hatujamwona. Nilimfuata siku ya kwanza nikamrudisha. Siku ya pili nikamwacha. Aliacha mwenyewe mwezi wa saba. Tangu hapo dirisha la chumba chake linaloangalia ziwani amelifungia pazia. Wewe ulikuwa Dodoma, sikutaka kukuandikia. Sasa mimi nimpandishe meli niseme nini?

Niambie uliyoyakuta. Usimwandikie Mama, niandikie mimi.

Gahongayire

*

Kiyovu, Kigali
6 Novemba 1994

Dada,

Mama mdogo amekufa. Ntakirutimana pia, na watoto wote. Ilikuwa mwezi wa nne, kabla wanajeshi wetu waliotoka Uganda hawajafika upande ule.

Nilikwenda wiki ya kwanza baada ya kufika Kigali. Nyumba niliipata, mlango haupo. Jirani, mama mmoja mtu mzima anayeitwa Mukandekezi, alinitazama kwa mbali, halafu akanifuata. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akasema nina pua ya Pudentienne. Alinipeleka nyuma, migombani. Alimzika yeye mwenyewe, peke yake, baada ya wauaji kuondoka. Alisema hakuwa na sanda, alimfunika kwa kitenge chake alichokuwa amejifunga. Mumewe na watoto walichukuliwa mahali pengine na hakujua ni wapi. Kaburi amelizungushia mawe. Nilisimama hapo. Nilijaribu kusali, nikasahau Salamu Maria inaendeleaje baada ya katikati. Halafu nikarudi sokoni kwa Twahiru.

Sikulia. Sijalia hata sasa ninapokuandikia. Nasubiri, haiji. Nilishika kalamu mara nyingi kuwaandikia na kila mara nikaandika habari ya basi au meli, kwa sababu hayo niliweza kuyaandika.

Kuhusu gari. Kazi yetu inafanyika kwa gari. Tunampakia mtoto, ninakaa naye kiti cha nyuma, tunapanda vilima akituonyesha kwao. Gari likipunguza mwendo ananishika mkono. Tulikuwa na msichana mmoja, Ariane, hajui hata jina la kilima chao. Kila nyumba tuliyoifikia alisema, "Ni hapa." Dereva anasimama, tunashuka, watu wanatikisa vichwa, tunapanda. Mbele kidogo: "Ni hapa." Tulizunguka mpaka dereva akazima gari akaweka kichwa kwenye usukani. Basi lina njia yake. Halimuulizi mtu kwao ni wapi. Ndiyo sababu.

Dada, nakuomba jambo moja. Usimwambie Mama. Nitamwambia mimi, Masaka, ana kwa ana, jioni tukishakula. Ni mimi niliyeliona kaburi, ni haki yake asikie kwangu. Ijumaa tarehe 25 nitakuwa hapo kwenye kituo cha mabasi kabla yenu.

Umuhoza

*

Bukoba
13 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako shambani, nikarudi nyumbani nikapika. Neno lile nililolisema jikoni nalifuta.

Nitanyamaza kama ulivyoomba. Ni vigumu. Jana Mama aliniuliza kama Pudentienne bado anapenda sukari nyingi kwenye chai, nikatoka nje kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

Hati zetu za kusafiria zimetoka. Mama amesuka nywele na amepiga pasi gauni la Pasaka. Anawaambia watu wote wa jumuiya kwamba binti yake wa Kigali anampeleka kuona mahali dunia inapogawanyika. Basi letu litaondoka Ijumaa alfajiri. Mtu akichelewa Masaka, amsubiri mwenzake pale pale kituoni.

Umuhoza, mwambie taratibu. Mimi nitakaa upande wa pili nimshike.

Dada yako,
Gahongayire

*

Kiyovu, Kigali
30 Novemba 1994

Dada,

Sijui nianzie wapi. Sikufika. Mnajua sikufika.

Nilitoka Kigali Ijumaa hiyo hiyo. Gatuna nilivuka salama. Kabale nilibadilisha gari kama Peace alivyoniambia, tukaondoka. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kizuizi, askari wa Uganda wanakagua mizigo, kazi yao ya kila siku. Walikuwa wanataniana na kondakta. Tukaambiwa tushuke tupange mstari tuonyeshe hati. Nikashuka. Nikaonyesha. Askari akanirudishia akasema safari njema. Abiria wote wakapanda. Mimi nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara.

Sikuogopa, Dada. Ningependa niseme niliogopa. Nilikaa tu. Kondakta aliniita, akaja akanigusa bega, akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Miguu haikusimama. Mwishowe akanishushia begi langu, wakaondoka. Yule askari aliniletea maji.

Nikarudi Kabale kwa miguu, nikachukua chumba. Nilijua mnanisubiri. Nililijua jambo hilo vizuri kabisa, kama mtu anavyojua jina la mji. Nilikaa kitandani nikitazama ukuta mpaka Jumapili, nikapanda gari la kurudi Kigali.

Mama yuko wapi? Umemwambia nini?

Umuhoza

*

Bukoba
7 Desemba 1994

Mdogo wangu,

Niliapa sitakuandikia tena. Barua yako imefika jana, nimeisoma, kiapo kimekwisha. Nitakueleza yote kwa utaratibu.

Pale Kyaka basi linavuka Kagera kwa daraja. Nilikuwa nimepanga nimsemeshe Mama mpaka tuvuke, nikaanza hadithi ya mwanafunzi wangu mtundu. Mama akaniwekea mkono mdomoni, akageukia dirishani, akatazama chini. Akasema, "Maji yamekuwa safi."

Masaka tulikaa kituoni juu ya mzigo wetu. Kila gari la Mbarara lilipoingia Mama alisimama akanyoosha gauni. Giza lilipoingia mwenye hoteli ya jirani alituita tukalale kwake. Jumamosi tukarudi kituoni. Mchana nikamwambia turudi nyumbani. Akanijibu, "Tumetoka kutembea. Tutembee." Akapanda basi la Kampala kabla yangu.

Tukashuka kwenye Ikweta. Ni mahali pa kawaida, barabara na vibanda vya vikapu. Mama alisimama ndani ya duara, mpiga picha akamwambia acheke, akacheka. Mimi nikaona siwezi kumtazama akicheka. Nikamwambia hapo hapo, Umuhoza, mpiga picha akiwa bado anahesabu. Si taratibu. Nilisema tu, Mama, Pudentienne amekufa.

Alishuka kwenye saruji, akakaa kwenye majani, akanivuta nikae. Akasema, "Najua. Tangu ile barua yake ya pili. Nilimtumia njia, kanisa, kijia, mlango wa bluu. Mtoto hakuuliza swali hata moja. Anayekwenda mahali asipopajua huuliza."

Nikamweleza yote uliyoniandikia, mpaka migombani, mpaka kitenge cha yule mama. Alisikiliza huku aking'oa majani moja moja. Alilia kidogo, si sana. Halafu akauliza wewe uko wapi. Nikasema sijui. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na wauza vikapu wakaja wakasimama karibu yetu.

Kampala tulifika. Ngoma tuliziona, na kanisa la kilimani. Alipotazama mji kutoka juu alisema ni mkubwa. Nadhani hakuona kitu. Mimi pia sikuona kitu.

Sasa sikiliza. Mama anakuja huko. Nimembishia mpaka sauti imenikauka. Anasema atapita Rusumo alikopita akikimbia, na kama kuna mtu wa kumuuliza yeye ni nani, amuulize. Twahiru atampakia mbele kwenye lori wiki ijayo. Hakukasirikii. Nimemuuliza aniambie la kukuandikia, akasema, mwambie afungue chumba kimoja.

Dada yako,
Gahongayire

*

Kiyovu, Kigali
28 Desemba 1994

Dada,

Mama alifika salama. Rusumo aliomba Twahiru asimamishe lori darajani. Askari wakakataa, lori likapita. Alinieleza hivyo tu.

Mimi na Peace tulifungua chumba kimoja, tukatoa vitu, tukafua mapazia, tukamtandikia. Alilala humo usiku wa kwanza kama mtu aliyezaliwa humo. Asubuhi hakuniuliza kuhusu Kabale. Aliniuliza kama kuna sabuni ya unga.

Kabuga tulikwenda mkesha wa Krismasi. Mukandekezi alituona tangu kwenye kijia akaingia ndani. Nadhani aliogopa tumekuja na maneno ya kumlaumu. Mama alikaa kizingitini kwake, hakubisha hodi, akakaa tu, mpaka yule mama akatoka. Walitazamana. Mama akamuuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Mukandekezi akamweleza: sketi ya kahawia, sweta ya mumewe, mguu mmoja una kiatu. Alieleza polepole, kila kitu. Mama akaitikia kila kimoja kwa kichwa. Kisha akafungua mfuko wake akatoa kitenge, kipya, alikinunua Kampala, kumbe hakukuambia. Akamfunga Mukandekezi kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Yule mama alisimama mikono imening'inia kama mtoto anayevalishwa.

Tukaenda migombani. Mama alipiga magoti. Alipofika katikati ya Salamu Maria nilimsikia akiendelea mbele, nami nikafuata nyuma yake, maneno yakarudi. Sikulia. Nakuambia ili usidhani nakuficha tena.

Baadaye walikaa wawili uani wakipepeta maharage ya Mukandekezi. Walizungumza habari za mvua, na za mbegu ya mtama ambayo siku hizi haipatikani. Jioni nilisema gari la mwisho litatuacha. Mama akasema niende, yeye atalala hapo. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema nyumba ya mdogo wake haina mlango na mtu lazima akae auweke. Nilibisha. Alinitazama, akarudi kwenye maharage. Mukandekezi akasema ana kitanda cha binti yake aliyeolewa. Basi, Mama yuko Kabuga, Dada. Sidhani atarudi Bukoba, na naona wewe ulijua ulipokuwa unabisha.

Nilishuka sokoni peke yangu kutafuta gari. Kulikuwa na mwanamke anachoma mahindi kwenye jiko la bati. Nilimpita. Kisha kitu kikanishika tumboni, kwa nguvu, nikasimama nikidhani ni ugonjwa. Tangu mwezi wa nane nilikuwa nakula Peace anapoweka sahani mezani na kuacha anapoiondoa. Nilisimama pale muda, nikijaribu kukumbuka kinaitwaje. Nikarudi nyuma, nikanunua hindi, nikalila nimelishika wima mkononi kama mtoto. Nikanunua la pili. Yule mwanamke akaniuliza kama nimetoka safari ya mbali.

Nikamwambia ndiyo, nina njaa.

Mdogo wako,
Umuhoza